Kusahau dawa si utovu wa nidhamu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyekerwa na habari kwamba majeruhi wa jeshi la Marekani hupewa mashine za kuwatolea dawa kwa saa zake. Aliuliza: askari aliyefundishwa kukesha lindoni bila kusinzia anashindwaje kumeza vidonge vyake kwa wakati? Akamalizia kwamba mashine hizo zinawageuza watu wazima kuwa watoto wadogo, na kwamba kinachokosekana ni nidhamu.

Naomba nafasi nimjibu, kwa heshima, maana mimi ni mmoja wa askari hao. Mashine anayoisema iko jikoni kwangu, kando ya birika. Ninavyoandika hivi imebaki saa moja hivi kabla haijalia.

Nilikwenda Marekani kusoma. Mwaka 2009 jeshi la nchi hiyo lilianza mpango wa kuandikisha wageni wenye viza halali, ama wataalamu wa tiba, ama wazungumzaji wa lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Kwa hiyo lugha hii hii ninayokuandikia ndiyo iliyonifungulia lango la kambi. Mafunzo ya awali yalikuwa ya wiki 10, na nilipoyamaliza nikala kiapo cha uraia nikiwa bado na upara wa kuruti. Mpango ule ulisimamishwa mwaka 2016. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakwenda Afghanistan na nimeshatolewa huko kwa machela.

Lilikuwa bomu la kutegwa kando ya barabara, mkoa wa Kandahar. Nilipitishwa Landstuhl, Ujerumani, kwenye hospitali ya jeshi la Marekani walikopitia majeruhi wengi wa vita vile, kisha nikasafirishwa hadi hospitali moja ya jeshi huku Marekani. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Kichwani sikuwa na hata mkwaruzo. Siku zile za mwanzo kila aliyeingia chumbani aliutazama mguu, na mimi pia niliutazama mguu. Kichwa hakuna aliyekihofia.

Hapo ndipo msomaji mwenzangu anapopotea, na simlaumu, kwa sababu hata mimi nilipotea hapo hapo. Mlipuko unapotokea karibu, wimbi lake linautikisa ubongo ndani ya fuvu bila kuacha alama nje. Tangu mwaka 2000 Wizara ya Ulinzi ya Marekani imeandikisha zaidi ya wanajeshi 400,000 walioumia ubongo. Wengi wao waliumia kwa kiasi kidogo, na si vitani tu. Wamo wa mazoezini, wa ajali za magari na wa michezoni. Wengi hupona. Wengine tunabaki na kumbukumbu yenye matobo. Mambo ya zamani nayakumbuka vizuri. Hata leo nikifumbwa macho naweza kuifungua bunduki kipande kwa kipande na kuiunga tena. Ila niulize kama dakika kumi zilizopita nimemeza kidonge, na huenda sina jibu.

Ngoja nieleze hali yenyewe, kwa sababu asiyeipitia anadhani kusahau ni kupuuza. Unasimama mbele ya kioo cha bafuni. Mkononi una kichupa cha rangi ya chungwa, kifuniko cheupe kimefunguliwa. Glasi ya maji imebaki nusu. Hujui kama maji yale yamepungua kwa sababu umemezea kidonge au kwa sababu ulikuwa na kiu. Unajaribu kuonja ulimi, labda utakuwa na uchungu. Hauna kitu. Unamwaga vidonge kitandani uvihesabu: vilikuwa 30, leo ni siku ya ngapi? Unahitaji kujua tarehe uliyoanza, na tarehe hiyo nayo imekutoka. Hapo una njia mbili, na zote mbovu. Ukimeza, pengine unameza mara ya pili. Ukiacha, pengine unakosa.

Nilikuwa na vidonge vinane kwa siku, kwa nyakati nne, ukiacha vile vya maumivu. Asubuhi levetirasetamu ya kuzuia kifafa, sertralini ya kiwewe, gabapentini ya neva, na cha kulainisha choo. Mchana gabapentini peke yake. Jioni gabapentini na levetirasetamu tena. Usiku prazosini, ambayo ni dawa ya zamani ya shinikizo la damu, lakini madaktari wengi waliwaandikia askari kwa ajili ya jinamizi. Najua utafiti mkubwa uliofanywa kwa maveterani na kuchapishwa 2018 haukuona kwamba prazosini inakishinda kidonge kisicho na dawa ndani, kile cha kulinganishia. Kwangu mimi ilipunguza usiku wa kuamka nikipiga kelele, na daktari wangu akaona niendelee nayo.

Hivyo vyote havisameheki kwa namna moja. Cha kulainisha choo ukikikosa, kesho utajua na basi. Ya kifafa ukiikosa ghafla, kifafa kinarudi. Prazosini ukiirudia, shinikizo la damu linashuka na unaanguka ukiinuka. Ukiikosa siku kadhaa, huruhusiwi kurudi palepale ulipoachia, unaanza tena na kiasi kidogo. Na zile za maumivu, oksikodoni, za jamii ya afyuni, ziliandikwa kwamba nimeze nikizihitaji, isipungue saa sita kati ya kidonge na kidonge. Saa sita! Kwa mtu asiyekumbuka dakika kumi.

Ilitokea usiku mmoja mke wangu akiwa kazini, zamu ya jioni. Vidole vya mguu ambao sina vilikuwa vinaungua. Wenye miguu ya bandia watanielewa. Nilimeza oksikodoni. Ninachojua baada ya hapo nimeambiwa tu, sikumbuki mwenyewe. Nilimeza nyingine, labda baada ya saa moja. Gabapentini ya jioni nilikuwa nimeshameza, na inaonekana niliimeza tena pamoja na prazosini. Mke wangu alirudi saa tano na nusu usiku akanikuta sakafuni bafuni, midomo imebadilika rangi, napumua kama mtu anayesahau kupumua. Watu wa gari la wagonjwa walinipulizia naloksoni puani, dawa ya kuondoa nguvu ya afyuni mwilini, nikazinduka nikiwaona watu nisiowajua wamenizingira, na nikapigana nao.

Swali la kwanza hospitalini lilikuwa kama nilikusudia kujiua. Waliniuliza kwa upole, wakaniuliza tena asubuhi, wakaniuliza tena mchana kwa maneno mengine. Sikukusudia. Nilikuwa na maumivu, nikameza dawa niliyoandikiwa, nikasahau kwamba nimeimeza. Desemba 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba gabapentini ikikutana na dawa za jamii ya afyuni inaweza kuleta shida kubwa ya kupumua. Mimi nilikuwa nimeshalijua onyo hilo kwenye vigae vya bafuni. Na wapo majeruhi waliolala na dawa walizoandikiwa kihalali, wala hawakuamka.

Sasa nirudi kwenye nidhamu. Baada ya magazeti kufichua mwaka 2007 jinsi majeruhi walivyokuwa wakiishi katika jengo chakavu la hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, jeshi la nchi kavu liliunda vikosi maalumu vya majeruhi. Kila majeruhi akawa na watu watatu juu yake: daktari, muuguzi wa kumfuatilia, na kiongozi wa seksheni. Vikosi hivyo vilibadilishwa jina mwaka 2020, lakini mtindo ni ule ule. Kiongozi wangu wa seksheni alikuwa sajini mmoja mtaratibu sana. Kila asubuhi alitupigia simu mmoja mmoja: umeamka, umeshameza dawa, miadi yako ni saa ngapi. Nami kila asubuhi nilimjibu ndiyo, nimemeza. Sikuwa namdanganya. Nilikuwa naamini. Nidhamu tulikuwa nayo wote wawili, yeye ya kuuliza, mimi ya kujibu, na vidonge vilikuwa vinakosea njia vilevile.

Wala jambo hili si la askari peke yao. Shirika la Afya Duniani liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao sawasawa ni kama nusu tu. Hao ni watu wenye vichwa vizima, hawakupigwa na bomu lolote. Kama nusu yao wanashindwa, tusimhukumu kwa ukali aliyerudi na ubongo uliojeruhiwa.

Kabla ya mashine tulijaribu yote ambayo msomaji angetushauri. Tulijaribu kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba. Nilifungua Alhamisi siku ya Jumanne. Tulijaribu kengele ya simu. Niliizima, nikasema naenda, njiani nikakutana na jambo jingine. Tulijaribu daftari la kutia alama ya vema. Daftari hilo bado tunalo. Kuna siku nilitia alama bila kumeza, na siku nilimeza bila kutia alama, na kuna ukurasa mmoja wa mwezi Februari ambao mchana wa tarehe moja una alama tatu, zote kwa mwandiko wangu.

Halafu tukajaribu mke wangu. Hili ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika.

Mke wangu alichukua dawa zote akazifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akauvaa shingoni. Alinipa vidonge mkononi, akasubiri nimeze, akanitazama. Akiwa kazini alipiga simu. Akirudi, kabla hajavua viatu, kabla ya habari za mchana, neno la kwanza lilikuwa: umeshameza? Niliposema ndiyo alikwenda kuhesabu. Alikuwa na haki ya kuhesabu; ndiye aliyenikuta sakafuni. Lakini nakueleza, Mhariri, hakuna kitu kilichonipunguza utu kama mlio wa vidonge akivihesabu chumba cha pili, taratibu, akidhani sisikii. Tukaanza kugombana juu ya vidonge, na tukigombana juu ya vidonge tunagombana juu ya kila kitu. Alichoka. Alilala akiwa ametega sikio. Binti yetu, wakati huo ana miaka minne, akaanza naye kuniuliza, kwa sauti ya mama yake: Baba, umeshameza?

Msomaji anasema mashine inamgeuza mtu mzima kuwa mtoto. Mimi utoto nilikuwa nao tayari, hapo, kabla ya mashine.

Mashine yenyewe si kitu cha kutisha. Ni duara, upana wake kama sahani ya chakula, unene kama kamusi. Ndani kuna sinia lenye matundu 28, manne kwa siku kwa siku saba, na linajazwa mara moja kwa wiki. Juu kuna mfuniko wenye kufuli na tundu moja la kutokea. Saa ikifika sinia linazunguka hatua moja, taa inawaka, mlio unaanza. Unaigeuza mashine juu chini kama mtu anayemimina, vidonge vya saa ile vinaanguka kwenye kikombe, mlio unakoma. Vya saa inayofuata huvioni, huvigusi. Ukichelewa mpaka muda uliowekwa upite, tundu linajifunga na vidonge vinabaki ndani, usije ukavimeza pamoja na vya saa inayofuata. Wakati huohuo mashine inapiga simu: kwanza kwangu, nisipoitika kwa mke wangu, asipoitika kwa muuguzi.

Zipo za namna nyingine, kubwa zaidi, ambazo mfamasia anazijaza kwa kadi zilizofungwa na anaweza kubadilisha saa ya dozi akiwa mbali. Zipo pia zinazoweza kutunza dawa za maumivu na kukataa kutoa kabla ya saa zake. Yangu haifanyi hivyo, kwa hiyo oksikodoni ilibaki kwenye sanduku la chuma mpaka madaktari waliponiondoa kwenye dawa hiyo kabisa. Sindano, dawa za maji na za kuwekwa kwenye friji haziingii humo. Inafaa kusemwa, kwa sababu wapo watakaodhani mashine inamaliza kila kitu.

Siku ya kwanza niliipiga chini. Ilikuwa saa saba mchana, nimeipa mgongo, na ule mlio wa kukatakata ukaanza kwa ghafla. Sikufikiri, mwili ulitangulia. Nilipopata fahamu ya nilipo, nilikuwa nimejibanza kando ya jokofu na mashine iko sakafuni bado inalia. Muuguzi alipokuja hakunilaumu. Alikaa nayo mezani kama nusu saa, akabadilisha mlio ukawa wa chini unaopanda polepole, akaweka taa itangulie mlio kwa dakika mbili. Tangu hapo mara nyingi naiona taa kabla sijasikia chochote. Natamani kila anayezigawa kwa askari alijue hilo mapema. Mtengenezaji alimfikiria bibi kizee asiyesikia vizuri, akaweka mlio mkali. Mtu wa kutoka Kandahar anahitaji kinyume chake.

Wiki ya tatu au ya nne hivi, mke wangu alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaketi, akaniambia gari limeanza kutoa mlio upande wa mbele kulia. Tukazungumza habari za gari. Tulikuwa tumeshakula ndipo nilipotambua kwamba hakuniuliza. Alijua: simu yake haikulia siku nzima, basi nimemeza. Nami nikienda jikoni nikiona tundu la saa ile ni tupu, najua nimemeza. Silazimiki tena kuonja ulimi. Swali lile lilitoka katikati yetu na mpaka leo halijarudi.

Lakini nimesema nitamjibu msomaji kwa haki, na haki inataka niseme pia yaliyoharibika.

Mwanzoni sinia langu lilikuwa likijazwa na kufungwa kliniki, ufunguo unabaki kliniki. Sitaitaja. Alhamisi moja, baada ya kupata kifafa kidogo, daktari alinipandishia levetirasetamu kutoka miligramu 500 hadi 1,000, asubuhi na jioni. Aliandika kwenye kompyuta, akanipa mkono, nikaondoka. Ilikuwa mwisho wa Mei, wikiendi ile ya siku tatu ambayo Marekani huwakumbuka askari waliokufa vitani. Sinia lilikuwa na dozi za zamani. Mashine, kwa uaminifu wake wote, ikaendelea kunipa za zamani. Mke wangu aligundua Ijumaa jioni. Hakuweza kufungua. Alipiga namba aliyopewa, akapokewa na sauti ya mashine nyingine ikimwambia aache ujumbe. Aliacha ujumbe Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu usiku nilianguka kifafa kikubwa, nikajing'ata ulimi na kuvunjika jino. Jumanne asubuhi walipiga simu kusema wameupata ujumbe.

Sikuichukia mashine. Ilifanya ilichoambiwa. Nilichochukia ni kwamba upande wa pili wa waya hapakuwa na mtu. Mashine ya namna hii ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni binadamu anayepokea simu usiku, Jumapili na siku ya sikukuu, na ambaye agizo la daktari likibadilika anahakikisha sinia nalo limebadilika siku ileile. Hospitali inayogawa mashine na kupunguza wauguzi kwa sababu sasa kuna mashine, inawatega wagonjwa wake. Tulipolalamika, utaratibu ulibadilishwa kwa upande wetu: mke wangu sasa ana ufunguo, mfamasia anatuma orodha iliyochapishwa kila agizo linapobadilika, na sinia tunalijaza wenyewe Jumapili jioni, yeye akisoma, mimi nikitia.

La pili linanihusu mimi mwenyewe. Mashine inajua umemimina, haijui umemeza. Kipindi fulani niliamua kuacha sertralini bila kumwambia mtu. Nilikuwa nikijisikia ganzi, si huzuni wala furaha, hata mtoto akicheka nasikia kwa mbali. Nikawa namimina vyote, nameza vingine, cha sertralini natia mfukoni. Ripoti kwa muuguzi ilikuwa safi kabisa. Mke wangu alikuta vidonge 11 kwenye mfuko wa koti akitaka kulifua. Kosa lilikuwa langu, na lilipaswa kuzungumzwa na daktari tangu siku ya kwanza; alipoambiwa alipunguza kiasi, na ganzi ikapungua. Ninalolileta hapa kwa ajili ya wauguzi watakaosoma: ripoti safi isiwafanye waache kuuliza habari za mtu.

La tatu ni zito kwa askari ambaye bado yuko jeshini. Nani anaona kwamba sikumeza? Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa inaacha mlango kwa makamanda kupata baadhi ya habari za afya za askari wao, kwa ajili ya kazi. Mlango huo una sababu zake, siukatai. Lakini kijana anayeogopa kwamba kukosa dozi mbili za dawa ya kiwewe kutafika mezani kwa mkuu wa kombania, atafanya nilivyofanya mimi: atamimina na kutia mfukoni. Ripoti za mashine ziende kwa muuguzi na mfamasia. Nilipopewa yangu nilisaini karatasi ambayo sikuisoma vizuri, na nadhani wengi husaini hivyo hivyo.

Nilipotoka jeshini dawa zangu zilihamia Idara ya Maveterani, ambayo kiasi cha asilimia 80 ya dawa zake za wagonjwa wa nje huzituma kwa posta. Huduma hiyo ni nzuri mno, hasa kwa asiye na mguu. Ila vichupa huja vya miezi mitatu kwa mpigo. Vya zamani vilivyobadilishwa havirudi vyenyewe vilikotoka. Mwaka wa pili tulipofungua kabati tulikuta vichupa 19, vingine vya dawa niliyokwisha kuachishwa. Mashine haina maana yoyote ikiwa kabati la juu yake limejaa dawa zilezile bila kufuli. Tulizipeleka duka la dawa lenye sanduku la kurudishia, siku hiyohiyo.

Najua miongoni mwa wasomaji wako wamo wazazi na ndugu wenye vijana katika jeshi hilo. Nilitumikia na wengi wao, tulikuwa tukiamkiana kwa Kiswahili kambini. Kijana wako akirudi na jeraha, hata kama ni la mguu tu, mwulize muuguzi wake kama ubongo umepimwa. Ukiona anarudia dawa au anaziruka, usimkaripie kwanza. Omba mashine kupitia kwa muuguzi anayemfuatilia, kisha uliza nani anashika ufunguo na nani atapokea simu siku ya sikukuu, na usiondoke mpaka umepewa jina la mtu.

Msomaji aliuliza pia, mwishoni mwa barua yake, askari kama hawa wataitegemea mashine mpaka lini. Kwa upande wangu, vidonge vimepungua kutoka vinane hadi vinne. Gabapentini nimeachishwa polepole. Matundu ya mchana sasa ni matupu, tumeyazimia mlio. Mwezi uliopita daktari aliniuliza kama niko tayari kuirudisha. Nilimwambia bado, dawa ya kifafa naendelea nayo, asubuhi na jioni, na hiyo sitaki kuibahatisha. Amekubali tuzungumze tena baada ya miezi sita.

Taa imewaka. Naomba nikomee hapa.

Wako,
Sajini mstaafu, jeshi la nchi kavu la Marekani
Texas